Potomac: Kanda Mama ya Wenye Porsche Marekani

Kanda ya Potomac ni tawi la klabu ya wenye Porsche wa Marekani, Porsche Club of America. Linawakusanya wamiliki wa jiji la Washington, wa vitongoji vyake vya upande wa Maryland, na wa kaskazini mwa jimbo la Virginia, na limechukua jina la mto unaopita katikati ya eneo hilo. Kanda zote za klabu, Marekani na Kanada, zimepita 140. Hii ya Potomac ndiyo iliyotangulia, na hadi leo huitwa kanda ya waasisi. Klabu nzima ina wanachama zaidi ya 100,000, idadi ambayo mtu hawezi kuizoea wala kuijua kwa sura. Mwanachama anachokijua ni kanda yake: humo ndimo anamopata fundi wa kuaminika, ndimo anamofundishwa kuendesha, na ndimo anamokutana na mzee aliyewahi kufungua injini kama yake akaifunga tena ikawaka.

Klabu hii ilitokana na shida ya matengenezo, wala haikuwa anasa ya matajiri. Porsche ilianza kuunda magari yenye jina lake mwaka 1948 huko Gmünd, mji mdogo wa Austria ambako karakana ilikuwa imehamishiwa kuepuka mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Gari lenyewe, 356, lilikuwa na injini ya silinda 4 iliyokaa nyuma kabisa na kupozwa kwa hewa, bila rejeta na bila tone la maji. Takribani magari 50 yaliundwa hapo, bodi zake zikigongwa kwa mkono kutoka mabati ya alumini, kabla kazi haijarudi Stuttgart mwaka 1950. Wakati huohuo Max Hoffman, mfanyabiashara mzaliwa wa Vienna aliyekuwa na duka la magari New York, alianza kuyaingiza Marekani. Miaka michache baadaye aliishawishi kampuni iunde toleo la bei nafuu, lililopunguzwa mapambo na kuwekewa kioo kifupi cha mbele. Hiyo ndiyo Speedster ya mwaka 1954, iliyouzwa chini kidogo ya dola 3,000 na kuwavuta vijana wengi waliotaka gari la kuendea kazini Jumatatu na la kushindania Jumapili.

Kuuza kulikuwa rahisi kuliko kutunza. Fundi wa Marekani wa miaka hiyo alizoea injini kubwa za silinda 6 au 8 zilizofungwa mbele. Spana zake zilikuwa za inchi, na nati za gari hili la Kijerumani zilikuwa za milimita. Injini isiyo na maji ilimshangaza, na kitabu cha maelekezo kwa Kiingereza kilikuwa adimu. Spea iliagizwa kwa meli. Mwenye Porsche aliyekuwa mbali na New York au California alijitegemea mwenyewe, na wamiliki walikuwa wachache hivi kwamba wakipishana barabarani waliwashiana taa kusalimiana.

Bill Sholar, mchoraji wa matangazo ya biashara kutoka Virginia, aliona kwamba salamu za taa hazitoshi. Alianza kuwatafuta wamiliki wenzake mmoja mmoja, na tarehe 13 Septemba 1955 watu 13 wakakutana katika mkahawa wa Blackie's House of Beef, jijini Washington. Hapo ndipo klabu ilipozaliwa. Desemba ya mwaka huohuo lilitoka toleo la kwanza la jarida lake, Panorama, ambalo halijaacha kuchapishwa. Mwaka 1956 wanachama wa sehemu mbalimbali walikuja Washington kwa mkutano mkubwa wa kwanza, unaoitwa Parade. Tangu hapo hufanyika karibu kila mwaka, ukihama kutoka mahali hadi mahali. Ilipodhihirika kwamba mtu wa Ohio au California hawezi kusafiri hadi Washington ili tu aulizie kabureta, wamiliki wa kila eneo waliruhusiwa kuunda kanda yao, na kikundi cha awali kikabaki kuwa Kanda ya Potomac.

Mfumo huo wa kanda ndio ulioifanya klabu idumu. Mtu hujiunga na klabu ya kitaifa na kupangiwa kanda kulingana na anakoishi, na sehemu ya ada yake hurudishwa huko. Sharti ni kuwa na umri wa miaka 18 au zaidi na kumiliki Porsche, iwe ya aina yoyote na ya mwaka wowote. Kila kanda huchagua rais, katibu na mhazini wake, huandika katiba yake, na hupanga shughuli zake bila kungoja kibali cha makao makuu, ambayo kwa sasa yako Columbia, Maryland. Viongozi hawa hufanya kazi kwa kujitolea. Anayesimamia mafunzo ya uwanjani mwishoni mwa wiki huenda ni mhandisi, mwanasheria au mtumishi wa serikali siku za kazi, na hesabu za kukodi uwanja, bima na gari la wagonjwa huzifanya usiku akiwa nyumbani. Klabu nyingi za starehe hufa pale mwanzilishi anapochoka. Hii imeishi kwa sababu kazi imegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja akiwa na kipande anachokimudu.

Magari yanayohesabiwa kuwa ya kale ndani ya kanda ni ya vizazi kadhaa. Cha kwanza ni 356, iliyokoma mwaka 1965 baada ya magari zaidi ya 76,000. Kinachofuata ni 911, iliyoonyeshwa Frankfurt mwaka 1963 na kuanza kuuzwa mwaka uliofuata ikiwa na silinda 6, lita 2 na nguvu farasi 130. Injini yake iliendelea kupozwa kwa hewa hadi mwaka 1998, na wapenzi wengi huuchukulia mwaka huo kama mpaka wa enzi. Kando yake kuna 914 ya injini ya katikati, iliyotengenezwa kwa ushirikiano na Volkswagen kuanzia mwaka 1969 hadi 1976, na kuna magari ya injini ya mbele: 924, 944 na 928. Haya ya mwisho yalidharauliwa kwa miaka mingi na waliosema Porsche halisi haina rejeta. Dharau hiyo haikuwa ya haki. Katika 944 gia zimewekwa nyuma ili uzito ugawanyike karibu sawasawa mbele na nyuma, na ni vigumu kupata gari la kale linalomsamehe mwanafunzi makosa yake kuliko hilo. Ndani ya kanda limepata heshima yake hatua kwa hatua, hasa kwa wakufunzi.

Mafunzo ya udereva ndiyo shughuli inayoitambulisha Potomac kuliko nyingine. Hufanyika kwenye viwanja vya mbio, zaidi Summit Point katika jimbo la West Virginia, kiasi cha saa moja na nusu kutoka Washington. Njia yake kuu ina urefu wa kilometa 3.2 na kona 10, pamoja na mnyoosho wa karibu mita 900 ambapo gari lenye nguvu hupata nafasi ya kukimbia kweli. Mara nyingine kanda huenda Virginia International Raceway, uwanja uliofunguliwa mwaka 1957, ukafungwa 1974, ukafufuliwa mwaka 2000. Na huenda pia Watkins Glen, jimbo la New York. Haya si mashindano. Hakuna saa ya kupima mzunguko wala mshindi. Dereva humpita mwenzake tu katika sehemu zilizotengwa, na ni lazima kwanza aliye mbele anyooshe mkono dirishani kumwonyesha upande wa kupitia. Waliotaka mashindano walianzishiwa utaratibu wa pekee na klabu ya kitaifa mwaka 1992, wenye leseni na kanuni zake.

Kazi huanza kabla mtu hajafika uwanjani. Gari hukaguliwa na fundi au mkaguzi wa kanda: tairi, beringi za magurudumu, mikanda ya viti, taa za breki, betri kama imefungwa imara. Nati za tairi hukazwa kwa spana ya kipimo. Pedi za breki zilizokwisha kupita nusu hukataliwa. Jambo linalokaziwa zaidi ni mafuta ya breki, na sababu yake inafaa ijulikane na kila dereva, hata asiyekusudia kukaribia uwanja wa mbio. Mafuta hayo hufyonza unyevu wa hewa polepole. Aina ya DOT 4 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi joto 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Breki zinazofanya kazi mfululizo hupata moto kiasi cha kuyachemsha, nayo yakichemka hutoa mvuke. Mvuke hubonyea, na mguu wa dereva huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Kwa hiyo anayekuja na mafuta ya zamani hurudishwa nyumbani, hata kama ameshalipa.

Madereva hugawanywa katika makundi kulingana na uzoefu. Mgeni hukaa na mkufunzi kando yake, na kila mzunguko huzungumziwa baada ya kushuka. Somo la kwanza si kasi. Ni macho: dereva hufundishwa kuangalia anakokwenda badala ya kuangalia mbele ya boneti, kisha hufundishwa kumaliza kufunga breki kabla ya kuanza kukata usukani. Kwa 911 ya kale linaongezwa somo ambalo ndilo sababu ya mafunzo haya kupewa uzito mkubwa klabuni. Injini imening'inia nyuma ya ekseli, na karibu asilimia 60 ya uzito uko upande huo. Dereva akiingia kona kwa kasi, akaona ameizidisha, akaogopa na kuachia ghafla kanyagio la mafuta, uzito huhamia mbele na tairi za nyuma hupoteza mshiko. Hapo gari hufanya kama jembe lililorushwa kwa kutangulizwa mpini: chuma ndicho kinachotaka kupita mbele. Mkia hutoka, gari huzunguka, na woga wa dereva ndio uliosababisha yote. Kiwanda kilijaribu kupunguza tatizo hilo kwenye magari ya mwaka 1969 kwa kusogeza magurudumu ya nyuma milimita 57 na kurefusha umbali kati ya ekseli kutoka milimita 2,211 hadi 2,268. Ilisaidia, lakini haikuondoa kanuni ya mwendo. Mkufunzi wa Potomac humfundisha mwanafunzi kuingia kona taratibu, kukanyaga mafuta mapema na kwa upole ili uzito ubaki nyuma, na kuuzuia mguu wake usiruke pale moyo unaposhtuka. Ujuzi huu hausomeki kitabuni ukakaa. Unahitaji mwili, marudio, na mtu mtulivu kwenye kiti cha abiria, na kwa hilo kanda hii imewapa wanachama wake kitu ambacho muuza magari hana.

Gereji ndiyo darasa la pili. Wanachama hukusanyika kwenye karakana ya mmoja wao au ya fundi rafiki, gari likainuliwa, na kazi ikafanywa mbele ya wote. Mambo mengine ni madogo na bado huwaponza wageni. Injini ya 911 ya kale huweka oili yake katika tangi la pembeni, kwa hiyo kijiti cha kupimia husomwa injini ikiwa imepata moto, inaunguruma taratibu, na gari limesimama mahali tambarare. Anayepima asubuhi injini ikiwa imezimwa huona kijiti kikavu, huongeza oili, na oili iliyozidi hufurika hadi kwenye chujio la hewa na kutoa moshi unaotisha mtaa mzima.

Mengine ni magonjwa ya muundo wenyewe. Injini za lita 2.7 za kuanzia mwaka 1974 hadi 1977 zilikuwa na kasha la magnesiamu, metali nyepesi isiyopenda joto. Sheria za Marekani za kupunguza moshi zikalazimisha kufungwa vifaa vya kuunguzia mabaki ya gesi karibu kabisa na vichwa vya silinda. Joto likapanda, na bolti ndefu zinazoshikilia vichwa zikaanza kung'oka kwenye kasha. Miongo miwili baadaye, 911 na Boxster za kwanza zilizopozwa kwa maji zikaja na beringi ya shafti ya kati inayoweza kuvunjika bila onyo na kuua injini nzima. Katika visa vyote viwili wamiliki walilinganisha habari, wakajua injini za miaka ipi ziko hatarini zaidi, dalili ni zipi, na ukarabati gani unadumu. Mtu mmoja mwenye injini iliyokufa ana hasara. Mamia waliokusanya habari zao wana elimu.

Kutu ina mazungumzo yake. Barabara za Washington na Virginia humwagiwa chumvi majira ya baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hujificha ndani ya vizingiti vya milango, chini ya betri na kwenye sakafu. Bodi ya 356 ndiyo pia chesisi yake, kwa hiyo sakafu ikioza gari limepoteza uti wa mgongo, hata kama rangi inang'aa. Porsche ilianza kupaka bodi nzima ya 911 zinki katikati ya miaka ya 1970, na magari ya kabla ya hapo lazima yakaguliwe kwa kulala chini, ukiwa na taa na sumaku ya kugundua mahali ambapo shimo limezibwa kwa puti. Wazee wa kanda humsindikiza mnunuzi mpya kwenye ukaguzi wa aina hii bila malipo, na pengine hakuna huduma yao nyingine iliyookoa fedha za watu wengi zaidi.

Spea hutafutwa kwa njia kadhaa. Idara ya Porsche inayohudumia magari ya kale bado hutengeneza na kuuza makumi ya maelfu ya vipuri, ila bei yake humfanya mwenye 914 afikirie mara mbili. Ndiyo maana soko la kubadilishana spea linaloandaliwa kila mwaka na kanda jirani ya Central Pennsylvania mjini Hershey ni tukio ambalo watu wa Potomac hawapendi kulikosa. Taa, usukani, viti na gia husafishwa, hupangwa chini, na kuuzwa na mtu anayeweza kueleza vilitoka kwenye gari gani.

Maonyesho ya urembo wa magari ni upande mwingine wa klabu, na humo ndimo ulimo mjadala mkali kuliko yote. Kanda ya Potomac hushirikiana na klabu za Mercedes-Benz na BMW za eneo la Washington katika maonyesho ya magari ya Kijerumani yaitwayo Deutsche Marque. Katika mashindano rasmi ya klabu, waamuzi hukagua bodi, ndani ya gari, buti, chumba cha injini na hata uvungu, wakipunguza alama kwa kila doa. Utaratibu unaofanana na huo wanaujua Wakenya kutokana na Africa Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo katika uwanja wa mbio za farasi wa barabara ya Ngong, Nairobi.

Swali linalogawa watu ni hili: gari la miaka 60 lirudishwe upya kama lilivyotoka kiwandani, au liachwe na rangi yake iliyochakaa na ngozi iliyopasuka? Zamani jibu lilikuwa moja, kupaka upya na kung'arisha. Siku hizi magari ambayo hayajaguswa yana kundi lao la kuhukumiwa, na hilo ni jambo jema. Gari laweza kukarabatiwa mara nyingi, lakini rangi ya kiwandani, mshono wa fundi wa kiwanda cha Zuffenhausen, Stuttgart, na alama za chaki chini ya zulia zikiondolewa haziwezi kurudishwa na yeyote. Namba za injini na gia huhesabiwa pia. Zikilingana na kumbukumbu za kiwanda thamani hupanda, na ndiyo sababu wamiliki huandika kuomba uthibitisho wa kiwanda.

Shughuli nyingine ni nyepesi. Kuna misafara ya kwenda milima ya Blue Ridge majani yanapobadilika rangi, kuna mashindano ya kukata kona kati ya koni kwenye maegesho makubwa, na kuna safari za kufuata ramani ambazo mshindi ni aliyefika kwa wakati uliopangwa, wala si aliyewahi. Kanda ina pia jarida lake, der Vorgänger, linaloandikwa na wanachama na kuhifadhi picha na habari za miongo mingi.

Afrika Mashariki imo katika historia ya magari haya kwa njia ya Safari Rally. Porsche ilileta 911 kwenye mbio hizo mara kadhaa bila kushinda. Mwaka 1974 Björn Waldegård wa Uswidi alimaliza wa pili nyuma ya Joginder Singh wa Kenya aliyeendesha Mitsubishi Lancer. Mwaka 1978 kiwanda kilikuja na 911 SC zilizoinuliwa na kukingwa kwa chuma mbele na chini, na Vic Preston Jr wa Kenya akashika nafasi ya pili, Waldegård ya nne. Ushindi ulikuja baadaye katika mbio za magari ya kale, East African Safari Classic Rally, zilizoanza mwaka 2003: Waldegård mwaka 2011 na Stig Blomqvist mwaka 2015, wote kwa 911. Taswira ya magari hayo yakiwa na taa kubwa mbele na matope hadi dirishani imewafanya wamiliki kadhaa wa Marekani kuinua 911 zao, kuzifunga tairi za vumbi na kuziita za Safari.

Suala linaloikabili kanda kwa sasa ni umri na bei. Speedster ya dola 3,000 leo huuzwa kwa mamia ya maelfu, na 911 zinazopozwa kwa hewa zimepanda hadi kijana mwenye mshahara wa kawaida hawezi kuzifikia. Gari likishakuwa akiba ya fedha, mwenyewe huogopa kuliendesha, na gari lisiloendeshwa hukauka sili na kuharibika likiwa limefunikwa. Klabu imejibu kwa hatua kadhaa. Imefungua uanachama wa majaribio kwa anayetafuta Porsche ambaye hajaipata, na imewaandikisha watoto wa wanachama katika mpango wao maalumu. Boxster, Cayenne na magari ya umeme ya Taycan hupokewa sawa na 356.

Kanda za klabu pia huandaa mafunzo ya Street Survival kwa vijana wanaoanza kuendesha. Kijana huja na gari la nyumbani kwao, liwe Toyota au Honda, kwa kuwa hilo ndilo atakaloendesha kila siku. Asubuhi husomeshwa darasani, kisha hutolewa kwenye lami iliyomwagiwa maji, mkufunzi akiwa kando yake. Huko hukanyaga breki kwa nguvu zote hadi ahisi kanyagio likitetemeka chini ya mguu, hukwepa koni bila kuachia usukani, na huliacha gari liteleze kwa makusudi ili ajifunze kulirudisha.